Mkataba Wangu Ulipoisha

Mkataba wangu wa kufundisha shule ya serikali kule Gashonga uliisha katikati ya muhula. Mkuu wa shule akaniambia niendelee, nikaendelea mwaka mzima. Kisha wilaya ikasema mkataba haujiongezi wenyewe, kwa hiyo mimi si mwalimu tena. Basi nani aliyekuwa akifundisha hesabu mle darasani? Nilikasirika, nikaishtaki wilaya.

Siku ya kesi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi mahakamani, nikakaa mbele. Hakimu alipoingia, watu wote wakasimama. Mimi, kwa mazoea ya darasani, nikawageukia na kusema kwa sauti: "Mukae, batoto!"

Wakakaa. Hata wakili wa wilaya, aliyekuja kuthibitisha kwamba mimi si mwalimu, alikaa, mikono juu ya meza.