Nyayo Kidakani

Nyumba ya mchumba wangu niliiharibu mimi, tena kwa elimu. Nilikuwa nimerudi Amu majuzi kutoka Unguja, nimehitimu fikihi, elimu ya sheria za dini. Bwana Omari wa mtaa wa Mkomani alimpa bintiye, mchumba wangu, orofa ya juu tuishi baada ya harusi, na kuta zilikuwa zimetoka kupakwa chokaa. Aliajiri wanawake waisafishe, akaniuliza, "Mwalimu, wafagie tu au waoshe?"

Mimi nikaona alama za nyayo zikivuka sakafu na kupanda ukutani hadi kidakani, kile kishubaka cha kuwekea vyombo. Nikawaza: je, kama ni mbwa? Nilijua kwamba shaka tupu haikifanyi kitu kuwa najisi, lakini niliogopa kuonekana sijui. Mbwa gani hupanda kidakani? Hilo sikujiuliza, mimi ninayejiuliza kila kitu.

"Najisi nzito, ya mbwa," nikasema. "Waoshe mara saba, moja kwa udongo. Na kuta pia."

"Chokaa mbichi, mwanangu?"

"Na kuta, Bwana."

Wanawake walitazamana, wakaosha. Kufikia alasiri chokaa ilikuwa imechuruzika yote, kuta zimekuwa rangi ya tope, na wageni wa harusi wanakuja kesho.

Hapo paka wa mchumba wangu, mnyama asiyenajisi chochote, akaruka kutoka kidakani, akapita juu ya udongo, akaacha alama zile zile.

Bwana Omari aliinama akazitazama. "Haya, mwanachuoni. Mfukuze mbwa wako."

Nyuma ya pazia nikamsikia bintiye: "Baba, nyumba itapakwa tena. Mtu huyu simtaki."