Binti Hamisi Hayupo

Niliondoka Dar es Salaam Jumanne alfajiri kwa sababu ya simu moja iliyoniudhi. Hospitali moja ya Lindi ilikuwa imenunua programu niliyoiandika kwa mkono wangu, ya kutunza orodha ya wagonjwa wa macho, na karani wao alimpigia bosi wangu kulalamika kwamba mashine inakataa watu. Madaktari wa upasuaji walikuwa wamekuja kwa wiki moja tu. Mgonjwa asiyeonekana kwenye orodha ya waliokwisha kupimwa vijijini hapewi siku ya kupasuliwa. Nilimwambia bosi programu ni nzima, wenye kasoro ni wanaoitumia. Akanipa nauli, akaniambia nikawaone hao wenye kasoro.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kompyuta kuukuu zilishushwa kwa makontena, kila ofisi ikitaka yake, na sisi tuliosoma Java, lugha ya kuandikia programu, kwa miezi michache tulitembea vifua mbele.

Ndundu, saa sita mchana. Daraja la Rufiji lilikuwa bado, tukangoja kivuko kwa saa tatu. Nilitoa daftari nikaipitia programu yangu kwa kalamu. Kila mgonjwa ndani yake ni kitu kimoja chenye sehemu nne: jina, jina la baba, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Karani anajaza visanduku vinne vya kutafutia, programu inapita orodha mgonjwa mmoja mmoja, na anayelingana na vyote vinne ndiye anayebaki. Asipobaki mtu, linatokea neno moja: HAYUPO. Niliisoma mara mbili, nikala muhogo wangu wa kuchoma kwa raha zote.

Nangurukuru basi lilisimama mpaka asubuhi. Toka hapo kwenda Lindi tulishuka mara nne kulisukuma kwenye tope, na kiatu changu kimoja kilibaki hukohuko.

Lindi, Jumatano alasiri. Karani alikuwa Mwalimu Nandonde, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku akitazama miguu yangu. Kwenye benchi mbele yake alikaa bibi mmoja aliyetoka Rutamba, macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Wauguzi walikuwa wamempima kijijini na kumpa kadi, kadi ikaliwa na mchwa. Nilipomuuliza jina alijibu Binti Hamisi, kama wanawake wa umri wake wanavyojibu huko. Kesho yake, Alhamisi, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupasua.

Nilimwomba Mwalimu amtafute nikiona. Akaandika Binti, akaandika Hamisi, akaandika Rutamba. Mwaka wa kuzaliwa bibi hakuujua. Mwalimu akapiga kistari, kwa utulivu, katikati ya kisanduku.

Nikamuuliza kistari ni cha nini. Akanieleza kwamba fomu haiachwi na nafasi wazi, maana mtu mwingine anaweza kuja kujaza uongo. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na ndivyo alivyofundisha wengine. Kumbe programu yangu ilikuwa inatafuta mtu aliyezaliwa mwaka wa kistari. Nilicheka, tena kwa sauti, nikamwambia aache wazi tu.

Akafuta kistari, akaacha wazi. Skrini ikaandika HAYUPO, na Mwalimu akamsomea bibi kama alivyomsomea mara mbili nyuma.

"Mie nipo," alisema bibi. "Niguseni."

Kicheko kiliniisha. Mwalimu hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Kisanduku kitupu programu yangu ilikichukua kuwa ni jibu, ikatafuta mtu asiye na mwaka, na bibi huyu alikuwa na mwaka: muuguzi alimkadiria siku ile ya kumpima. Nilikuwa nimeandika kana kwamba kila anayekuja kuuliza anajua kila kitu.

Nilivuta kiti, nikaandika upya. Sasa kabla ya kulinganisha sehemu yoyote, programu inajiuliza kwanza kama hiyo imeulizwa. Kisanduku kikiwa kitupu, au kimepigwa nafasi tupu bila herufi, au kina kistari cha Mwalimu, inakiruka na kwenda kwenye kinachofuata. Ilikuwa mistari michache. Mwalimu akajaribu tena, kistari chake mahali pake.

Walitokea wawili: Binti Hamisi wa Rutamba, na Binti Hamisi mwingine wa Rutamba.

Mwalimu akayasoma yote mawili, bibi akadakia. "Huyo wa pili mdogo wangu. Alikuja juzi mkamwambia hayupo. Karudi, kasema haji tena."

Rutamba, Alhamisi asubuhi. Nilikwenda na dereva wa hospitali, dada mtu akiwa tayari kwenye foleni ya chumba cha upasuaji. Tulimkuta mdogo wake uwanjani, anapepeta mtama kwa kupapasa. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikamweleza jina lake limepatikana.

"Mliniambia sipo," alisema, ungo haujasimama. "Asiyekuwepo anafuatwa na gari?"

Dereva alianza kueleza habari za mashine. Nikamkatiza. "Aliyesema hupo ni mimi, bibi. Si karani wala si mashine. Nisamehe."

Aliweka ungo chini, akakung'uta khanga yake taratibu mno, nami roho juu nikilitazama jua. Kisha akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwepo. "Haya, mwenye kusema, nishike. Huko njiani pana shimo."

Nilimshika mpaka garini, na garini sikumwachia.

Dar es Salaam, Jumapili. Kurudi kulichukua siku mbili, na njia nzima niliona haya. Nimejifunza kwamba mtu akinyamaza kwenye swali langu moja hajanipa ruhusa ya kumfuta. Jumatatu bosi aliuliza kosa lilikuwa kubwa kiasi gani. Nikamwambia mistari sita. Akasema kumbe dogo, akarudi kwenye gazeti lake, nami nikabaki nimesimama mbele ya meza yake, nimeshindwa kumwambia kwamba Binti Hamisi mdogo aliwahi, na kwamba kina dada wawili walifunguliwa bandeji asubuhi moja, na mkubwa akamuuliza mdogo, "Upo?"