Viungo vya Debra

Mume wangu Wechuli ana wivu, na katika nyumba ya vyumba viwili hapa Nyamasaria wivu hauna pa kujificha. Ana tovuti ya mapishi ya samaki. Mimi napika, yeye anapiga picha na kuandika. Hoteli moja ya ufuoni iliahidi kumpa matangazo yake mwenye tovuti itakayotangulia kwenye Google, na kila tukitafuta, anayetangulia ni Debra wa Dunga.

"Mama Nanyama, shida yetu ni viungo," akaniambia tukiwa mezani. "Hatuna viungo."

Nikavimba. Nikamwambia kama dania na tangawizi yangu havimtoshi, aende akale kwa huyo Debra. Ndipo akanieleza, kwa ile sauti yake ya kufundisha mtoto, kwamba kiungo ni pale tovuti ya mtu mwingine inapomwelekeza msomaji kwako. Google huihesabu kama kura, na kura ya tovuti yenye jina ina uzito zaidi. Kuna programu ya kupima nguvu hiyo. Sisi tulipata tisa kwa mia. Debra, thelathini.

Tangu siku hiyo ikawa Debra ameandika hiki, Debra amepiga picha ile. Roho iliniuma, sitadanganya.

Kisha Debra akaandika kwamba obambla, samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani, hupikwa kwa maziwa. Wechuli, Mbukusu wa watu, akacheka mpaka machozi. Akaandika makala ya kumkejeli na kuweka kiungo: bonyezeni hapa mjionee. Hakujua kwamba Waluo wamekula hivyo tangu utotoni. Wakabonyeza kwa hasira, wakamtetea Debra, na wenye tovuti zao, hadi walioko ng'ambo, wakamwekea viungo.

Hoteli ikamchukua Debra. Jioni akapiga simu mwenyewe.

"Baba Nanyama, erokamano, asante sana. Si umenipigia kampeni ya bure kabisa."

Wechuli akaiweka simu mezani. Nikaichukua, nikafungua tovuti yetu, ambayo kila picha yake ina mikono yangu. Kwenye sehemu ya kutafuta nikaandika jina langu, Dorca. Hakuna kilichopatikana. Nikaandika Debra. Akaja.