Mpaka Nikuite

Jirani yangu Mwahija, hapa Rasbura, alizaa mapacha, Saida na Siti. Saida ukimkazia macho tu mbele ya wageni, ameshanyanyuka na kutoka nje. Siti atakuuliza, "Mama, mbona unanitazama?" Mmoja alisikia hata lisilosemwa, mwenzake alishika neno lilivyotamkwa, basi. Tabia hiyo ya Siti Mwahija akaiita jeuri. Nilimwambia, huyu mwambie waziwazi, anatii kuliko wote. Lakini Mwahija ni wa kuambiwa?

Siku moja, wasichana wakiwa darasa la tatu, nilipita kumsalimia. Nilipoaga akasema kama tusemavyo sote, "Shoga, mbona mapema? Subiri kidogo, wali unaiva." Saida akainamisha kichwa. Siti akashangaa: "Wali gani, mama? Hata moto hatujawasha."

Nilicheka mpaka machozi. Mwahija hakucheka. "Toka! Nenda kwa bibi yako kule Sudi, usirudi mpaka nikuite!"

Maneno ya hasira hayo, kila mama huyasema. Saida angekwenda kununa uani. Siti alifunga nguo zake kwenye kanga akafuatana na shangazi yake aliyekuwa anarudi Sudi, naye akadhani mtoto katumwa.

Kabla Mwahija hajamfuata, bibi, mama wa marehemu mumewe, akatuma samaki wakavu na salamu: "Ahsante, mkwe wangu. Umenipa wa kunitazama uzeeni." Kwetu, mjukuu aliyepelekwa kwa bibi harudishwi, ni kumvunjia mzee heshima. Mwahija akaacha kumfuata. Akajifariji kwamba mtoto akichoka atarudi mwenyewe. Siti naye akangoja kuitwa, akakulia kulekule.

Mwaka huu bibi alifariki. Baada ya arobaini Siti akaja kumsalimia mama yake, mtu mzima sasa. Mwahija alikuwa ametandika kitanda tangu asubuhi, shuka mpya. Nilikuwepo. Alasiri Siti akaaga.

"Haya, mwanangu," Mwahija akasema kiungwana, "nisikucheleweshe. Watu wako wanakungoja."

Alitaka ajibiwe kwamba hakuna anayengoja. Siti akasema, "Ahsante, mama," akavaa ndala zake, akatoka.

Hasira zikanipanda. "Mwite, mtu wewe! Mwambie alale hapa. Neno moja tu!"

Mwahija alisimama mlangoni akimtazama mwanawe akiishia mtaani. Kisha akaanza kulia.

"Saida angeelewa," akasema.