Kioo Kilichoganda Beni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bureau, yaani ofisi, ya misaada pale Kimemi, mjini Butembo, nilipewa kompyuta, ordinateur moja, na amri moja: tengeneza programu ya kutafuta waliopoteana. Vita vilikuwa vimetawanya familia. Waliokimbia waliandikishwa Beni, na programu ililinganisha kila jina jipya na yote ya zamani, ili mama ampate mtoto wake.

Mwandikishaji wa Beni alikuwa Kavira, mama wa watoto watatu, mwepesi wa vidole na mpole kwa watu.

Programu yangu ilifanya kazi, lakini vibaya. Kulinganisha kulichukua dakika nyingi, na muda huo wote kioo cha ordinateur kiliganda, kikawa cheupe, vitufe visiitike. Sababu ni hii, vijana. Ndani ya programu kazi hufuatana kama katika mstari mmoja, tunaouita uzi. Uzi unaochora kioo na kusikiliza vidole ndio huo huo niliokuwa nimeubebesha utafutaji. Ukizama kutafuta, hausikii mtu.

Nilimweleza Directeur, mkuu wetu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, nikaomba wiki mbili za kurekebisha. Hakuinua macho.

"Mashine iko natumika," alisema. "Donc, batu bangoje."

Wangoje. Watu waliotembea kutoka Mabalako na mizigo kichwani, wangoje mbele ya kioo kisichowaambia lolote.

Asubuhi moja foleni ilifika barabarani. Kavira alianzisha utafutaji, kioo kikaganda kuliko siku zote. Alingoja, akabonyeza, akangoja tena. Mwishowe aliamini mashine imekufa, akaizima. Kumbe ilikuwa katikati ya kuandika faili. Faili likaharibika, majina ya juma zima yakapotea.

Directeur alimfukuza kwa barua: uzembe. Niliingia kwake nikamwambia kosa ni langu na lake yeye, si la Kavira. Alijibu kwamba mashine haina kosa, kosa ni la mtu. Nilitoka kwa hasira.

Nikapanda lori hadi Beni. Kavira, ambaye hakuwa tena mfanyakazi wetu, nilimkuta akipita nyumba zilizopokea wakimbizi, daftari mkononi, akiandika majina upya. Nami nilikaa huko nikaunda uzi wa pili kwa utafutaji, wa kwanza ukabaki huru. Uzi wa pili haugusi kioo kamwe. Kila baada ya majina mia hutuma ujumbe, na wa kwanza huonyesha kazi imefika wapi. Niliweka kitufe cha Simamisha kinachoitika papo hapo, na faili likaandikwa kwanza kwenye nakala.

Directeur aliisifu programu katika ripoti yake. Barua ya kumfukuza Kavira hakuifuta. Wakubwa waliomfuata niliwaomba mmoja mmoja. Wote walisema hayo ni ya zamani.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii hunilalamikia kwamba watumiaji hawana subira, na hasira yangu huamka upya. Mtu akizima mashine yako, jiulize ulimwambia nini alipokuwa anangoja.

Mwaka jana nilimtembelea Kavira, anauza vitenge Beni. Nikamwambia tena kwamba kosa halikuwa lake.

"Mimi nilijua tangu siku ile," alisema. "Lakini batoto yangu balikomaa banasikia mama yao aliharibisha majina ya batu."

Nilimwomba awaite. Walikuja wote watatu, watu wazima, mmoja na mtoto mgongoni, wakaketi. Nikasimama mbele yao, nikaanza kwa kutaja jina langu na kosa langu.