Nani Aliubomoa Mnara wa Balgarno

Miaka tisa sasa Papa Kataliko anafunga maboksi ghalani hapa Buffalo, na hakuna karatasi hata moja Marekani inayotaja kazi yake halisi. Ni mwashi wa mawe, mtu wa Walungu, Kongo. Mimi Peninah, mpangaji wa ghorofa ya juu yake, nilijua hayo wala sikuyatilia maanani. Shauri yangu!

Jumapili hiyo nilikuwa nimevurugwa kabisa. Ijumaa profesa angeamua kama sura ya tasnifu yangu inabaki au inatupwa. Inahusu Balgarno, mnara wa mawe huko Uskoti, ambao bwana mmoja alijijengea mnamo 1480 uwe nyumba na ngome: kuta nene, mlango mmoja, ghala chini, ukumbi juu. Leo ni gofu. Vitabu vyote vinasema mizinga ya maadui iliubomoa. Mimi nilibisha, lakini ushahidi sikuwa nao.

Papa Kataliko akapanda na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, kutoka kwa mkewe, Mama Précieux. Akaona picha kwenye kompyuta, akaliweka bakuli juu ya vitabu vyangu! Kabla sijafoka, akaanza kucheka.

"Mizinga? Hapana, mutoto yangu. Angalia kona. Mawe ya kuchonga imetoka yote, ya ovyo imebaki. Mzinga haichagui. Mwizi anachagua!"

"Papa, umejuaje?"

"Donc, mimi mwenyewe niliiba! Nyumba ya mzungu wa chai ilibaki tupu, kijiji kizima tukachukua kona na madirisha. Nyumba yangu nilijenga na ile mawe. Bon, tafuta zizi ya karibu."

Mungu wangu! Picha ya zizi la jirani nilikuwa nayo mwaka mzima. Tukaikuza. Zizi la ng'ombe, kona za kifalme! Na kwenye jiwe moja kulikuwa na alama ya mwashi, mishale miwili iliyopishana, ileile iliyobaki mlangoni pa mnara. Nilipiga kelele hadi Mama Précieux akapanda mbio akidhani tunaungua.

Ijumaa profesa aliisoma sura yangu mara mbili. Sura ikapita, kwa sharti moja: niandike chini ya ukurasa ni nani aliyegundua.

Nikashuka mbio na karatasi, nikamsomea: jina lake, Walungu, mwashi wa mawe.

"Wameandika kazi yangu? Wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale pale, hakukitoa.

"Mama Précieux," akaita, "kuya uone!"