Boti za Kalenda ya Zamani

Masika ya mwaka 2014, pale Kasulu, nilichana kalenda ya mwaka uliopita nikawagawia wanangu wawili wakunje boti, maana mvua ilikuwa imewafungia ndani na kelele zao zimenichosha. Baba yao alikuwa njiani kutoka Kibondo, simu yake haipatikani, na barabara ile ikilowa, basi linaweza kulala kwenye tope. Watoto walitulia kabisa. Asiyetulia nilikuwa mimi: naenda mlangoni, narudi, napiga simu, naonja maharage yaliyokwisha kuiva zamani.

Binti yangu mkubwa akanitazama. "Mama, unatukanyagia boti. Kaa na wewe ukunje."

Nikakaa kwa hasira. Nilikunja harakaharaka, pembe zikapishana, boti yangu ikalala ubavu. Hakucheka. Aliikunjua, akainyoosha ile karatasi kwa kiganja juu ya goti lake, akanirudishia.

"Anza upya. Pembe ikutane na pembe, ndiyo ukandamize kwa ukucha."

Nilianza upya mara sijui ngapi. Mume wangu alipogonga mlango na kupiga hodi, nilishtukia namjibu kwa ukali, "Ngoja kwanza, pembe hazijakutana."